Pesa ya Ng'ombe Ndani ya Koti la Baba

Kiplombe, Eldoret
12 Julai 2025

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa binti yako. Huku sisi ni wazima, ila baridi ya Julai haina huruma hata kidogo. Goti lako linaendeleaje? Na kuku wanataga? Nimekumbuka mayai ya nyumbani mpaka naona aibu.

Barua hii nimempa Emmaculate, jirani yangu, akuletee mkononi. Ukiongea kwa simu wewe huweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikia, na haya Baba asiyasikie. Tafadhali isomee jikoni.

Unakumbuka koti zito alilonipa Baba nikija kazi huku? Kitambaa chake cha ndani kiliraruka, nikalipeleka kwa Musimbi, fundi wa nguo. Kidogo tu akaniita akicheka, akauliza kama nimeibia benki. Ndani kulikuwa na noti za zamani, elfu thelathini na nane. Mama, si hiyo ndiyo bei ya ile ng'ombe Baba aliuza 2018? Ile umesema miaka yote hii kwamba Baba aliinywa busaa, mpaka akikohoa tu pale nyumbani unamwita mlevi!

Jumatatu nilikimbia benki. Karani akazitenga mafungu mawili. Noti ishirini za elfu moja akanirudishia, akasema hizo zilikufa Septemba 2019 na hakuna mahali zitabadilishwa, hata nikilia. Nilikuwa karibu kulia kweli. Kumbe za mia tano za zamani bado ni pesa halali! Akanihesabia elfu kumi na nane. Nilipiga kigelegele, askari wa mlangoni akanitazama vibaya.

Basi nikampigia Baba.  Akaniambia kwamba yeye, kama mzee wa kijiji, ndiye alizunguka boma kwa boma akihimiza watu wabadilishe noti. Lakini zake aliogopa kupanga foleni ya benki Bungoma, Mjomba Shitanda asimwone na kuanza kukopa. Akangoja siku ya mwisho. Siku ya mwisho kukatokea msiba, na yeye ndiye msemaji. Akadhani zote zimekufa. Kuzichoma alishindwa, ndiyo maana alinipa koti ziende mbali. Akasema heri kijiji kimwite mlevi kuliko kimcheke. Ai, Baba huyu!

Alinisihi nikwambie hizo elfu kumi na nane ni za mshahara wangu. Nimeshindwa, Mama. Mimi pia nina kosa. Nilikuamini bila kumuuliza, na kila mwezi nimekuwa nikikutumia pesa wewe peke yako, nikiogopa kwamba yeye atazinywa. Sijawahi kumtumia hata mia. Inaniuma sana.

Zote nimemtumia yeye, kwa simu yake. Juzi alinong'ona kwamba ameona ndama mzuri huko Chwele. Akimleta, wewe shangaa, uliza amemtoa wapi, na umwache adanganye vile anataka.

Nisalimie Amos na watoto wake, na wamama wote wa kanisa. Emmaculate mpe chai kabla hajarudi.

Na Jumapili ukipika kuku, ile firigisi ya mwenye boma mwekee Baba kwa sahani yake. Usiseme kitu.

Ni mimi binti yako,
Mildred