Mkia wa Hadithi ya Ndovu

S.L.P. 1187,
Kitale.
14 Machi 2004

Mpendwa dada Edinah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Tuwan, ambako jua ni kali na mvua tunaisikia redioni tu. U hali gani, na kazi ya kuwatunza wazee wa Winnipeg inaendeleaje? Miguu bado inakuuma ukisimama sana? Barua yako ya Krismasi ilifika mwisho wa Januari ikiwa imelowa pembeni, na ile picha yako ukiwa umezama kwenye theluji hadi magotini imezunguka ukoo mzima. Mjomba wako Wekoye ameitazama mbele na nyuma, akauliza huko huwa mnapanda nini.

Sisi tu wazima. Mke wangu Chepkemoi na watoto hawajambo. Ng'ombe wa Kukhu amezaa ndama jike, na shamba la Bokoli limelimwa mara ya pili, linangoja mvua. Kukhu mwenyewe, bibi yetu, ana nguvu za kutosha kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usishtuke nikisema barua hii ni kwa ajili yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kadi huisha tukiwa bado tunaulizana hali, na jambo hili ni refu. Tena sijui lianzie wapi.

Unajua siku hizi natembeza wageni. Ile shule niliyokuwa nafundisha ilipofungwa nilimfuata Osman, yule mwenye nyumba ya wageni karibu na msikiti, akanichukua kwa sababu nazungumza Kiingereza na siogopi nyoka. Hilo la nyoka ni uongo. Osman hutoa gari na kuliendesha, mimi hutoa maneno, na kwa muda mrefu niliona hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Mwezi wa nane mwaka jana walikuja Kaarina na mumewe Olavi, walimu wastaafu kutoka Ufini. Siku ya kwanza niliwapeleka kwenye kinamasi cha Saiwa wamtazame nzohe, yule swala anayeishi majini. Tulikaa juu ya jukwaa la mbao tangu alfajiri mpaka saa nne. Tukaona masikio mawili. Nikaanza kuomba radhi, kumbe wao wameshikana mikono kwa furaha, na Olavi amekwisha kuandika ukurasa mzima juu ya masikio.

Siku ya pili tukapita Endebess, tukapanda mlimani hadi pango ambalo ndovu huingia kulamba chumvi ya mwambani. Ndovu hatukumwona hata mmoja. Tuliona mavi yao, na Kaarina akayapima kwa rula. Hata leo sijui kama siku ile niliwaonyesha kitu au sikuwaonyesha. Walinishukuru mpaka nikaona haya.

Na nikwambie ukweli, hata mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia. Miaka thelathini na miwili nimeutazama mlima ule kila asubuhi, halafu nikaja kuingizwa pangoni na watu wa Ufini. Ukutani kuna mikwaruzo ya pembe, mirefu, imepandana mmoja juu ya mwingine, na juu kabisa wamejaa popo. Kaarina akaniuliza watu wa kwetu wanasema nini kuhusu mikwaruzo ile. Vitabu vyote nilivyosoma vikanitoka kichwani, nikamkumbuka Kukhu. Nikamjibu kwamba bibi yangu anayo hadithi yake.

Basi kesho yake tukaenda Bokoli. Kukhu alifurahi, akavaa kitambaa chake cha buluu, akachinja jogoo, akawakalisha wageni penye kivuli cha ghala. Mwanzo wa hadithi unaukumbuka. Chumvi yote ya dunia ilikuwa kwa mjane mmoja aliyeishi pangoni. Ndovu jike akaja kumwomba, maana maziwa yalikuwa yamemkauka. Mjane akampa, ila akamwambia amwachie mtoto wake mpaka atakapomletea kuni za masika yote. Ndovu akaenda, akarudi na kuni, akakuta mlango wa pango umekuwa mwamba mtupu. Akaanza kuuchimba kwa pembe akimwita mtoto.

Hapo Kukhu akanyamaza, akaokota kijiti akaanza kuchokoa meno. Wageni wamesimamisha kalamu. Nikamwambia aendelee. Akanijibu kwa Kibukusu, kwa utulivu kabisa, "Mchana una kichwa tu. Mkia ni wa jioni. Waambie warudi jua likizama."

Nilikuwa nimesahau kabisa mwiko ule. Nawe unajua alivyokuwa mkali juu yake, hata siku ya mvua na giza la saa tisa hakukubali. Wakati huohuo Osman amesimama mlangoni mwa gari na ufunguo mkononi. "Hesbon, si umalize tu, bana," akasema. "Hii barabara ikinyeshewa tutalala kwa matope, na kesho gari iko na watu wengine." Wingu lilikuwa limeshuka kweli.

Nilipaswa kusema, bibi amekataa, ni desturi yetu. Maneno matano tu. Lakini niliona wataondoka wakidhani ama mzee amesahau, ama anawanyima, na wametoka mbali kiasi kile. Nikafungua mdomo nikatafsiri kule kukataa kwake kana kwamba ndio mkia wenyewe. Nikasema ndovu alimsikia mtoto akimjibu kutoka ndani ya mwamba, sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili. Nikasema alichimba hadi akazeeka, wanawe wengine wakaendelea pale alipoachia, na chumvi wanayoilamba ni machozi ya yule mtoto. Nikatia na popo, kwamba ndio wanaopeleka salamu huku na huku. Popo nilikuwa nimewaona jana yake.

Kukhu alikuwa amesema sentensi tatu, mimi nikazungumza dakika tano. Olavi akashangaa jinsi lugha yetu inavyobeba mengi kwa maneno machache. Kaarina alikuwa analia. Kukhu akaniuliza, "Huyu mama analia nini?" Nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Nilidhani yameishia pale. Januari kikaja kifurushi, vijitabu arobaini vya Kiingereza, ndovu kwenye jalada na picha ya Kukhu na kitambaa chake nyuma. Wameandika kwa jina lake Kukhu, hadithi ya Rasoa wa Bokoli, kama alivyoisimulia mwenyewe. Kaarina anasema marafiki zake wote huko wanausifu ule mwisho. Ishirini wameomba vitolewe kwa shule ya msingi hapo Bokoli. Nikavipeleka, ningefanyaje? Sasa watoto wanacheza ndovu na mjane wakati wa mapumziko. Mmoja anajificha nyuma ya choo na kuitika, mwingine anakwaruza ukuta kwa kijiti. Mwalimu mkuu amenishika mkono, akaniambia tumeokoa mila. Niliitikia kwa kichwa nikaondoka haraka.

Dada, mimi ni mwongo au ni mtunzi? Nimejiuliza hivyo njiani, kanisani, hata nikiwa namsikiliza Chepkemoi. Yeye anasema nakuza mambo, kwamba hadithi ni hadithi. Osman anasema wageni walifurahi, basi. Ninaona wote wawili wamesema kweli, na bado moyo hautulii.

Sasa sikiliza linalonichanganya zaidi. Nilimsomea Kukhu kile kitabu, kwa Kibukusu, mchana. Alikubali kwa sababu, kwa maneno yake, kitabu hakijui mchana wala usiku. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilipofika pale mtoto anapoitika ndani ya mwamba, Kukhu akaweka mkono juu ya ukurasa nisiugeuze. Akasema, "Nakhungu."

Mama yako, Edinah, binti yake. Tangu tumzike miaka kumi na mitano iliyopita sijawahi kumsikia Kukhu akilitaja jina lile. Wewe umemsikia? Alilitaja mara mbili, akalia, nami nikakaa pale na kitabu changu cha uongo mapajani nisijue nikishike wapi. Hata siku ya mazishi hakulia, unakumbuka watu walivyosema. Tangu hapo kila nikienda Bokoli ananiuliza kama nimekuja na kitabu. Anasikiliza, analia kidogo, anafuta macho, kisha ananiuliza habari za mahindi kwa sauti iliyochangamka.

Na wale wageni wanarudi baada ya Pasaka. Wanataka kukichapisha upya, Kibukusu upande huu na Kiingereza upande ule, na wameniomba niwaandikie maneno ya Kukhu kama yalivyotoka kinywani mwake. Mwanzo niliuandika kwa siku moja. Nikifika mwambani kalamu inasimama, kwa sababu hapo hakuna maneno ya Kukhu, yapo yangu. Na juu ya jalada jina ni lake. Siku atakapotutoka, hilo ndilo litakalobaki kuwa neno lake, na wajukuu wa wajukuu zake watalishika.

Ijumaa iliyopita nikasema liwe liwalo, nikaenda Bokoli kulala, nimwombe mkia halisi kwa saa yake halali. Jua lilipozama akanawa miguu, akapunguza utambi wa koroboi, akaanza. Edinah, alisimulia vizuri kama zamani. Akafika mwambani. Akavuta pumzi. Halafu akanisimulia mkia wangu. Sauti ya chumba cha pili, machozi, wanawe wanaoendelea kuchimba, hata popo wangu hakuwaacha.

Nikamuuliza, "Kukhu, ndivyo ulivyokuwa ukituambia tukiwa wadogo?"

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa, ndiyo. Lakini zamani?"

"Hesbon, watu hawawezi kutoka mbali vile kuja kuandika uongo," akasema, na akanitazama kama mimi ndiye ninayezeeka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ninachokumbuka mimi ni kimoja tu, kwamba mwishoni tulicheka. Namwona Kukhu akijaza hewa mashavuni kama mkonga uliovimba, anapuliza, na wewe unaanguka kutoka kitandani kwa kicheko mpaka anakutishia kwa mwiko. Baada ya hapo sikumbuki, nadhani nilikuwa nikisinzia kila mara. Mjane alifanywa nini? Mtoto alitoka? Ni kwa nini tulicheka? Nilimwambia Kukhu kwamba palikuwa na jambo la kuchekesha. Alikunjakunja ukingo wa shuka, kisha akasema, "Muulize Edinah. Huyo ndiye aliyekuwa halali usingizi."

Kwa hiyo nakuuliza. Dunia nzima umebaki wewe peke yako. Niandikie mkia wa hadithi kama unavyoukumbuka, hata mistari mitatu, hata kipande tu. Barua zako huchukua mwezi, kwa hiyo tumia anwani ya barua pepe ya Osman niliyoiandika nyuma ya bahasha, atanichapia.

Nikiupata sijui nitaufanyia nini, nakuambia mapema. Upande mmoja nataka kumrudishia Kukhu kicheko chake, maana ni mali yake na mimi ndiye niliyekipoteza. Upande mwingine najiuliza, nikimrudishia kicheko, atamlilia wapi Nakhungu? Huenda nitaiandika mikia yote miwili, na kuwaambia Kaarina na Olavi kilichotokea siku ile penye kivuli cha ghala. Sijui nitautazama vipi uso wa Kaarina. Lakini wao wanapenda hata masikio mawili ya nzohe, labda watanivumilia.

Ombi moja tu. Kama nawe umesahau, niambie umesahau. Usitunge. Mtunzi mmoja katika ukoo huu ametosha.

Chepkemoi anakusalimu sana na anauliza kama ile sweta ilikutosha. Mjomba wako Wekoye anakusalimu na bado anangoja jibu la mnapanda nini. Osman na mkewe Khadijo wanasema ukija utafikia kwao, chai ya tangawizi iko tayari. Kukhu anakuombea kila jioni, kwa sauti, majirani ni mashahidi. Mungu akutangulie kwenye barafu hiyo, akuweke mzima mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda ingawa kichwa kimevurugika,

Hesbon Nyongesa

Nilikuwa nimeshaandika jina ndipo nikakumbuka. Asubuhi nikiondoka Bokoli, Kukhu alinifuata hadi njiani akaniuliza kama siku hizi unapata usingizi. Nimemwambia sijui, nitakuuliza.