Samadi ya Mutunga

Ndulu, kinamasi chetu kilikosa maji, kilikosa nyasi, kilikosa hata chura. Hakikukosa mwenyekiti, na unamjua ni nani.

Unakumbuka tulivyong'oa miti yote ya mathenge, ile ya miiba iliyokausha maji na kuacha udongo mgumu kama tofali? Nikaagiza samadi ya mbuzi kwa Mutunga wa Miasenyi ili rutuba irudi.

Leo nimewaleta wageni wa mradi. Nikasimama katikati nikasema, "Udongo umepona! Tazameni machipukizi!" Wakapiga makofi.

Wakio, katibu wangu, akaniambia kwa heshima ya mzee, "Mghosi Mwandawiro, hayo machipukizi yana miiba."

Miiba, Ndulu!

Akaendelea mbele ya wote: "Mbuzi wa Mutunga hula maganda ya mathenge kiangazi kizima. Mbegu hutoka nzima kwenye samadi."

Mgeni mmoja akauliza, "Kwa hivyo mzee, mmeipanda mathenge upya, na mbolea juu?"

Na mbolea juu! Kinamasi kikibaki kikavu, ng'ombe wa Kaloleni watakunywa wapi?

Lori la pili la samadi linakuja kesho. Wakio anasema nimpigie Mutunga simu alizuie. Simu? Mwenyekiti hughairi mambo kwa maandishi. Bahasha ya barua kwa Mutunga nimeifunga kwa gundi, na mtu wa bodaboda ameondoka nayo sasa hivi.