Msichana Aliyeziba Masikio Kwenye Igizo la Lupiro

Mlabani, Ifakara
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, na baba naye umfikishie shikamoo yake. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Sumbawanga, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu ulipoacha kubeba maji mwenyewe. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Homa ilinilaza siku nne, na nilipoinuka tu tukaanza safari za vijijini. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu imevimba. Mama mwenye nyumba anachungulia mara kwa mara kuona kama bado nipo. Usiogope, ananipikia uji.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana mama mdogo anasema nimesomeshwa ili nikacheze. Tuko watano, na kiongozi wetu ni Mwalimu Damasi, mstaafu wa hapa hapa Ifakara. Tunaigiza mambo ya malaria na vyandarua. Hatuna jukwaa. Watu wanazunguka duara, sisi tunacheza katikati, na mahali mambo yanapoharibika tunasimama na kuwauliza: huyu mama mwenye mtoto mgonjwa afanye nini? Anayejua anaingia na kutuonyesha. Asipojitokeza mtu, kazi yangu ni kumshika mmoja mkono na kumvuta ndani. Damasi yeye ni homa. Anajifunika gunia, anajificha kati ya watazamaji, halafu anaibuka nyuma yao akipiga debe kwa rungu. Watu wanaruka, kisha wanacheka mpaka machozi. Sehemu hiyo ndiyo tuliyojivunia kuliko zote.

Jumatano iliyopita tulikuwa Lupiro, ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa pantoni mvua ikitunyeshea, tukafika nguo zimeganda mwilini. Jioni ile uwanja wa shule ulijaa. Nilipofika kwenye swali langu hakuingia mtu. Nikaangaza macho, nikamwona msichana wa kama miaka kumi na saba, amekaa mwisho kabisa karibu na kibaraza cha darasa, ameziba masikio kwa viganja. Nikadhani ni haya. Nikamwendea nikicheka, nikamshika mkono, nikamvuta. Na Damasi, aliyekuwa hatua tatu tu nyuma yake, akaibuka na debe lake.

Mama, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Alijipiga kichwani kwa ngumi, akajiangusha chini, akainuka, akakimbia. Watu hawakumpisha, walikuwa wamesongamana, na wengine walidhani ni sehemu ya igizo, wakapiga makofi. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema ni mashetani. Alipopenya akaelekea mashambani, mama yake akimfuata. Nami niliacha igizo, nikawafuata pekupeku.

Tulimkuta kwenye kibanda cha kuamia ndege katikati ya mpunga, amejikunja, anatikisika, anaimba kwa sauti ya chini wimbo tuliofungulia igizo. Niliposogea, mama yake alinizuia kwa mkono. Tukakaa kwenye tope, sote wawili, mpaka alipotulia. Nilijaribu kuomba radhi, nikasema sikujua.

"Ulimwona ameziba masikio," akaniambia. "Ulifikiri anaziba nini?"

Ndipo akanieleza, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. Binti yake anaitwa Roza. Kelele ya ghafla kwake ni kama maji ya moto. Kushikwa bila kuambiwa ni hivyo hivyo. Lakini anapenda nyimbo kuliko chakula, na aliposikia kwamba kuna igizo linakuja alikataa kulala. Wamekuja tangu saa saba mchana, uwanja ukiwa mtupu, ili achague pa kukaa na ajue pa kutokea. Kila kitu walikipanga, akasema, isipokuwa mimi.

Usiku ule nilimkumbuka mdogo wangu, Fausti wetu. Unajua ninalotaka kusema. Kila ngoma ilipokuja, tulimweka stoo, na mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango kwa kamba. Tulisema anaharibu shughuli za watu. Alikuwa akigonga ukuta kwa kichwa, nasi tukiimba kwa nguvu zaidi ili wageni wasisikie. Sikulaumu, Mama. Watu wangesema, na wewe ndiye ungeyabeba. Mkono uliofunga ulikuwa wangu. Lakini miaka yote hii sikuwahi kujiuliza kama naye alitaka kusikia ngoma, ila tu kwa mbali.

Tulikuwa na igizo la pili pale pale Lupiro siku ya Jumamosi. Nikamwambia Damasi tulibadilishe. Akakataa. Alisema amefundisha miaka thelathini, igizo bila kishindo ni mahubiri, na hatuwezi kupanga kazi nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Nikamwambia basi sitavuta mtu tena. Tukanuniana siku nzima. Nilikuwa hoi, Mama, nikawaza hata kupanda lori la mpunga nirudi zangu.

Ijumaa asubuhi akaja mzee mmoja asiyeona, Mzee Kalisti, anaongozwa na mjukuu wake wa kike. Alimsifu Damasi sana kwa nyimbo. Kisha akamwuliza, "Mwalimu, nilisikia watu wanacheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Walikuwa wanacheka nini?"

Jumatano mzee huyo alikuwa ametembea tangu alfajiri ili aje kusikiliza habari za chandarua, na akarudi kwake bila kujua kwamba kulikuwa na chandarua. Damasi akakiendea kile chetu cha kuigizia, akamwekea mikononi. Mzee alikipapasa kingo zote, akauliza kinafungwaje. Walipoagana, Damasi alikuja kukaa karibu nami, akasema, "Haya, Yustina. Niambie tufanyeje."

Hatukufanya makubwa. Jumamosi, kabla ya kuanza, Damasi alisimama bila gunia akawaeleza watu kila kitu kitakachotokea: hapa tutaimba, hapa atakuja homa, atapita mbele na si nyuma, na kabla debe halijalia Yustina atainua kitenge chekundu. Akajitaja jina kila alipoingia, na wenzetu vilevile, ili mtu ajue nani anasema. Tuliweka mikeka kando ya kibaraza kwa yeyote anayetaka kukaa mbali, tukatangaza kwamba aliye kule havutwi wala haulizwi. Na tukaacha njia wazi, upana wa baiskeli mbili, kutoka mikekani hadi barabarani. Kuilinda njia ile ndiko kulikonichosha zaidi, maana watu wa Lupiro wakiona nafasi wanaijaza.

Sikuwatarajia, lakini Roza na mama yake walikuja. Nikamsalimu kwa mbali, nisimshike. Kitenge kilipoinuka akaziba masikio, debe likalia, akatoa mikono. Mara ya pili vilevile. Watu walicheka kidogo kuliko Jumatano, nisikudanganye, na Damasi lilimuuma. Lakini wanne waliingia kujibu swali bila kuvutwa, na mmoja wao alikuwa Mzee Kalisti, aliyewaonyesha jinsi ya kuchomeka chandarua chini ya mkeka.

Katikati ya igizo Roza alisimama. Akapita kwenye ile njia, polepole, akaenda zake barabarani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Nikamwendea mama yake, nikasema pole, hajamaliza kuangalia. Yeye alikuwa anakunja mkeka, na uso wake ulikuwa umelegea kama mtu aliyetua mzigo.

"Pole ya nini?" akasema. "Leo katoka kama watu wanavyotoka."

Kesho kutwa tunakwenda kijiji cha Kisawasawa, kama miguu itakubali. Mama, umeandika kwamba siku ya harusi ya ndugu yetu Agnes hapo nyumbani, Fausti atapelekwa kwa shangazi. Nakuomba asipelekwe. Asubuhi mwonyeshe mahali matarumbeta yatakapokaa, umwambie kipi kitaanza na kipi kitafuata. Mpe kiti upande wa nyumba ya jirani, na nafasi ya kupita isizibwe. Akitaka kuondoka, aondoke. Watakaosema waache waseme. Mimi nitakuja siku tatu kabla na nitakaa naye.

Nisalimie baba, na mama mdogo umwambie kwamba huu mchezo unachosha kuliko jembe. Shangazi shikamoo yake. Bi harusi mwambie kitenge chake nimeshakipata. Na Fausti, usimpelekee salamu zangu kwa kumshtua. Mwambie kwanza kwamba una neno la kumwambia, ungoje mpaka akutazame. Kisha mwambie dada yake anamwomba radhi.

Ni mimi mwanao,
Yustina