Nimetua Kwenye Viazi vya Baba Mkwe

Baba Tusajigwe, mume wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo huko? Kifua kimepona? Najua huko hakuna kikohozi, lakini kukuuliza nimezoea. Sisi wazima, na mvua ya Tukuyu unaijua mwenyewe.

Nikwambie ya Jumapili. Wale vijana wa klabu ya kuruka kutoka kilimani na miavuli mikubwa, uliokuwa ukiwatazama hadi chai inapoa, walikuja tena Isongole mwisho wa wiki, nami nikawapikia. Jumamosi nilitazama tu. Jumapili baada ya ibada, rubani wao Joeli akasema mama twende, wawili tunafungwa pamoja. Nikakumbuka ulivyotamani kuruka. Nikavaa suruali yako ndani ya kitenge, nikakubali.

Mume wangu, huko juu ni kuzuri! Zaburi niliianzia katikati kwa hofu, lakini nilipofumbua macho, Mlima Rungwe ulikuwa hapa karibu na migomba chini kama mboga kwenye ungo. Nikacheka peke yangu. Halafu upepo ukageuka. Joeli akasema tutatua pale kwenye viazi. Kutazama, ni shamba la baba yako, na mwenyewe yumo analima.

Mila yetu unaijua. Tangu unioe sijawahi kusimama mbele ya baba mkwe; yeye akitokea njiani, mimi naingia migombani. Maneno yetu uliyabeba wewe. Ulipoondoka akakosekana wa kuyabeba, msiba ukaisha mimi na yeye hatujapeana hata pole. Nilikuwa naumia, sikujua nianzie wapi. Na sasa namshukia kutoka mawinguni, miguu mbele. Nikamwomba Joeli turudi juu. Akasema hii haina rivasi.

Tulipotua nilijifunika mwavuli wote, nikatulia kama kuku kwenye tenga. Mzee naye alishageuka, anayaangalia mahindi. Akamwambia Joeli amuulize huyo mama kama ameumia. Nikamwambia Joeli amwambie baba sijaumia, ila viazi vyake, samahani. Mzee akasema viazi vitaota vingine. Joeli anakwenda na kurudi, anatushangaa, maana tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

Kisha mzee akamwita Joeli tena. "Muulize, huko juu alikotoka, hajamkuta mwanangu?"

Joeli hilo likamshinda kulibeba. Akabaki amesimama katikati yetu. Nikajibu mwenyewe, humohumo ndani ya mwavuli: "Sijamkuta, baba. Ila nimevaa suruali yake."

Nikamsikia anacheka, tena kama analia, sijui kipi kilitangulia. Halafu akasema, "Joeli, mwambie nimesikia. Mwambie pole sana."

Basi pumzika, Baba Tusajigwe. Uso wake bado sijauona na sitautafuta. Lakini nakuahidi nitakuwa nakwenda kumsalimu, yeye ndani, mimi nyuma ya ukuta wa jiko, na Joeli tutamwacha apumzike. Suruali nimeifua, ina tundu gotini.

Nijibu mapema, hata kwa ndoto.

Mkeo,
Mama Tusajigwe