Chai ya Mama Naisula

Jumanne, baridi kali. Upepo wa Kitengela umeingiza vumbi mpaka ndani ya kabati la vikombe. Mwili wangu una nafuu leo, lakini moyo hauna.

Kidonda kimekauka. Nesi aliyenibadilishia bandeji asubuhi hakuona usaha, na sukari imeshuka mpaka pale wanapoitaka.

Wiki iliyopita mshono huu wa tumboni, walikonitoa mawe ya nyongo, ulikuwa unachuruzika. Nesi huyo huyo alinipima sukari, kisha akanitazama kwa jicho nililokuwa nikiwakatia wanafunzi wangu siku za ualimu. "Mama, sukari ikikaa juu hivi, kidonda hakitafunga. Kikiingiwa na infeksheni tutakufungua tena. Kwani unakunywa nini huko nyumbani?"

Nilijua vizuri ninachokunywa.

Kila jioni jirani yangu Mama Naisula alikuja na thamosi ya chai ya maziwa. Kwao Wamaasai, mgonjwa hapelekewi chai isiyo na sukari. Ni kama kumwambia hana maana. Kisukari changu anakijua, ila aliamini kwamba aliyepasuliwa lazima arudishiwe nguvu. Basi ananimiminia, tunaongea juu ya mbuzi wake na wakwe zake wasumbufu, na thamosi ikiisha anaenda.

Watoto wangu wako mbali, wananitumia ujumbe. Watu wa kanisa walikuja mara moja, wakaomba, wakaondoka. Yeye tu ndiye alikuwa anakaa.

Kwa hivyo nilikunywa. Nilikunywa polepole, ili asiondoke.

Ijumaa nikamwambia alichosema nesi. Nilidhani ataleta chai bila sukari, mambo yaishe. Akafunga kifuniko cha thamosi, macho chini.

"Kumbe nimekuwa nikikuumiza, Mwalimu. Sasa nikikuja mikono mitupu, nitakuwa nimekuja kufanya nini?"

Akachukua thamosi yake, akaenda.

Tangu hapo hajafika. Leo nimechemsha strungi, chai ya rangi isiyo na maziwa, nikaweka vikombe viwili mezani bila kufikiri, kisha nikarudisha kimoja. Nina hamu sana ya kumwona yule mama. Kidonda kinapona, na hakuna wa kumwonyesha.

Kesho nitajikongoja mpaka kwenye geti lake, nimeshika tumbo. Nitamwambia aje akae tu, basi. Na kama hawezi kuingia kwa mgonjwa bila kitu, nitamwomba mimi nikae kwake.