Ikenga ya Obiora

Thamesmead, Februari 2003

Yaya Armelle, dada yangu,

Kitenge kilifika, asante. Mwanangu Exaucé anakusalimia, kwa Kiingereza, usimkasirikie.

Mume wangu Obiora hajambo. Tangu watu wa uhamiaji kule Croydon wamnyime hifadhi ya ukimbizi, hachongi tena. Unaikumbuka ikenga yake, ile sanamu yenye pembe uliyoiona kwenye picha? Kwao Waigbo, ikenga ndiyo nguvu ya mkono wa mwanaume, nayo hupasuliwa akishafariki.

Jana nilitoka kazini nikaikuta mezani, imepasuliwa katikati. Obiora alikuwa jikoni, ametulia, anaandaa chai. Alitenga vikombe viwili, changu na cha mtoto.

Leo sikwenda kazini. Nimeketi mlangoni, asitoke nisimwone, ndipo ninapokuandikia.

Mdogo wako,
Josée