Nguzo Kumi za Barabara ya Munje

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ulinifunza kwamba mtoto haanzi maneno na mzazi wake bila salamu, na hilo sijaliacha.

Nimekaa barazani kwetu Munje, daftari liko magotini. Ni lile lile ulilokuwa ukinicheka kwa ajili yake, ukisema kwamba hata nikipiga chafya nitaandika tarehe. Leo nimeandika tarehe, kisha kalamu ikasimama, ndipo nikaona nikuandikie wewe. Kuna hesabu niliyoikosea, na mtu wa kunisahihisha ulikuwa wewe.

Nilikuwa kidato cha pili tulipoanza. Ulikuwa ukibeba samaki kwa baiskeli kutoka hapa hadi Mwabungo, kreti nyuma, barafu ikiyeyuka na kukutiririkia visiginoni. Likizo moja uliniruhusu nikufuate kwa baiskeli ya mjomba, na kabla hatujafika barabara kuu pumzi ilikuwa imeniishia. Hukunikemea. Ulinionyesha nguzo za umeme. Ukanieleza kwamba barafu haikupi nafasi ya kwenda polepole, na miguu nayo ikifa njiani samaki wataoza vile vile. Kwa hiyo ulikuwa ukikanyaga kwa nguvu zote nguzo tatu, kisha unaiacha miguu ijiendee nguzo mbili, hivyo hivyo hadi sokoni. Hakuna aliyekufundisha. Mimi nilirudi nyumbani nikakuchorea jedwali.

Jedwali lile ndilo lililonifikisha kwenye klabu ya baiskeli ya Diani. Kocha, mtu wa bara, alilicheka hadi siku aliponipanga na wasichana wake nami nikawaacha nyuma. Akaniazima baiskeli ya klabu. Uliinyanyua kwa mkono mmoja, ukaigeuza, ukasema hii haibebi hata dagaa. Kisha ukatafuta rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka milango, ukaenda kupaka nguzo ya kumi, ile iliyokuwa mbele ya lango la shule. Mazoezi yangu yakawa hayo: nguzo kumi kwa nguvu zote bila kukalia tandiko, mbili za kupumzika, kisha narudi mwanzo, mara sita. Ulikuwa ukinisubiri chini ya alama yako, ukinihesabia kwa vidole. Siku moja miguu ilikatika kwenye ya tisa, nami nikaandika kumi. Ulilichukua daftari, ukalitazama, ukanirudishia. "Usiandike ulipotaka kufika, Mwana. Andika ulipofika." Niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada.

Siku ya kuanguka ulinikataza kutoka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na barabara ilikuwa na matope ya malori. Nikakuonyesha jedwali: Jumatano, kumi mara sita. Ukaniambia jedwali halikuumbwa na Mungu. Nikatoka. Tuktuk ilichomoza kutoka njia ya udongo, gurudumu la mbele likateleza, na nilisikia paja likivunjika kabla sijahisi maumivu. Hayo yaliyobaki unayajua. Ni wewe uliyeushika ule mguu mpaka gari likaja.

Ulikuja wodini kila siku kwa baiskeli yako, na kikohozi chako, na chupa ya uji iliyofungwa kwa leso ya Mama. Siku ya tisa ulikaa pembeni mwa kitanda ukawa unaniminya vidole vya mguu, kimoja kimoja, kama anayetafuta chenye uhai. Ukasema, "Ukitoka hapa tutaanza na mbili." Nikacheka, nikakwambia nguzo mbili ni za watoto wa chuo cha Kurani. "Mbili, Mwana," ukarudia. Ukajifunga kikoi vizuri, ukaenda.

Kesho yake hukuja. Mama naye hakuja. Alikuja Shangazi, akasema una homa na Mama amebaki kukuuguza. Nikaandika: Baba hakuja. Homa. Siku ya pili nikaandika hivyo hivyo, na ya tatu. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza kwa nini homa moja imezuia watu wawili. Siku ya nne Shangazi alikuwa akinichana nywele, mkono wake ukasimama kichwani pangu, nikajua. Ulikuwa umezikwa baada ya Alasiri ya ile siku ya kwanza. Mama alikuwa ndani, ameshakaa eda. Sisi huwa hatumwambii mgonjwa habari ya kifo mpaka apate nguvu za kuibeba, na mimi nilikuwa na chuma kipya ndani ya mfupa. Simlaumu yeyote. Lakini mistari ile mitatu imo daftarini, na kila mmoja una tarehe yake.

Zaidi ya mwaka umepita. Mtaalamu wa viungo aliponiruhusu kupanda baiskeli sikuanza na mbili. Nilianza na tano, kwa kiburi, na kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Kocha alikuja mwenyewe hadi Munje. Akamwamkia Mama vizuri, akanywa chai, kisha akanigeukia: "Sista, mimi sikufukuzi. Lakini baiskeli ikilala inakufa, na kuna msichana anaingoja." Tukakubaliana. Nikifika kumi zangu mara sita kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, baiskeli itabaki kwangu. Nisipofika, ataichukua.

Nilifanya kazi, Baba. Sita, nikapumzika siku mbili. Saba. Nikarudi sita. Paja lilikuwa likiwaka moto na usingizi ulinikataa, lakini niliandika kila kitu. Wiki iliyopita nikafika kumi, mara sita. Kama kila siku, niliinamisha kichwa na kuhesabu vivuli vya nguzo tu kwenye lami, kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kilipopita niliachia pedali nikalia. Nilimpigia Kocha pale pale. Akafurahi kweli.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, nimeegemea usukani, niliposikia sauti ya Bi Mwanasha, muuza viazi karai. Alitaka kujua nimekuja kununua au kumtapikia wateja. Nikainua kichwa nimwamkie, na hapo ndipo nilipoona. Kibanda chake kilikuwa mbele yangu. Siku zote nilikuwa nikikipita kwenye nguzo ya saba, na lango la shule likifuata huko mbele. Nikamuuliza alama ya buluu iko wapi.

"Alama gani tena, mwanangu? Zile za mbao watu wa umeme waling'oa zote, baba yako hajamaliza arubaini. Hizi za saruji wamezipanda karibu karibu."

Nikaisukuma baiskeli hadi langoni kwa miguu, nikihesabu. Kumi zangu mpya zilikuwa saba zako. Mbele ya lango palikuwa na kiraka cha saruji tu, pale ulipokuwa ukisimama.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili bila kumwambia mtu. Kisha nikampigia Kocha tena, nikamwambia ni saba. Akaniuliza mbona sikuacha tu, nani angejua. Nikamwambia atume gari. Jumamosi alituma gari, baiskeli ikapakiwa nyuma ikiwa imelazwa ubavu, nami nikarudi ndani kwa kuchechemea, maana siku hizi nikiwa na huzuni mguu huu hunisaliti mbele za watu.

Baiskeli yako bado iko ukutani, kando ya jiko, na Mama huifunika kwa leso yake. Leo asubuhi niliifunua. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikasema nguzo ya pili. Alileta kisu, akaikata kamba ya kreti iliyokuwa imekakamaa kwa chumvi, akaliweka kreti chini polepole, nalo lilikuwa bado linanuka samaki.

Nimefuta kumi, nimeandika saba. Ile mistari mitatu nimeisoma tena. Kwa kanuni yako ningepaswa kuifuta pia, kwa kuwa si kweli. Nimeshindwa. Humu daftarini uliishi siku tatu zaidi, na sina mahali pengine pa kukuweka.

Mama amekuombea dua, nami nimeitikia amin. Mungu akulaze pema, Baba. Mstari wa leo ni mfupi, na ungekuwepo usingepata cha kusahihisha: nguzo mbili.

Ni mimi, mziwanda wako,
Mwana